Pesa Iko Kwenye Daftari, SMS Ni Habari Tu

Kuna swali moja ambalo kila mwenye duka hapa Kenya analijua: "Imeingia?" Mteja ameshalipa, salio lake limepungua, na anaonyesha simu yake kama ushahidi. Mwenye duka naye anatazama simu yake na kusema, "Kwangu bado hakuna kitu." Nyuma yao kuna watu watatu kwenye foleni, mmoja ameshika maziwa na mkate. Dakika moja inapita, ya pili inaanza. Mteja anaanza kuonekana tapeli, mwenye duka anaanza kuonekana mtu wa roho mbaya, na kumbe wote wawili wanasema ukweli.

Ukiuliza kwa nini pesa itoke mara moja halafu SMS ichelewe, jibu la kawaida ni "ni mtandao." Jibu hilo ni fupi mno, na halikusaidii kuamua ufanye nini ukiwa umesimama pale kaunta. Leo ningependa tuelezane vizuri jinsi habari ya malipo inavyosafiri, kisha nitoe maoni ambayo si kila mtu kwenye biashara hii atayafurahia. SMS haifai kuchukuliwa kama risiti ya mwisho, na sisi tunaoendesha mifumo ya malipo tuna wajibu wa kukuambia hivyo waziwazi.

Mazoea ya kuitegemea SMS yana historia. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, wengi walikuwa na simu zile za kubonyeza, na SMS ndiyo iliyomjulisha kila upande kwamba pesa imetoka na imefika. Kizazi kizima kikajifunza kwamba pesa ni ile SMS. Lakini wazee wetu walishatuachia methali inayofaa zaidi: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ni kitu kimoja, habari ni kitu kingine. Mfumo wa malipo wa kisasa umejengwa juu ya tofauti hiyo.

Nyuma ya simu yako kuna wafanyakazi wengi

Unapobonyeza "tuma", huenda ukadhani kuna kompyuta moja kubwa mahali fulani inayofanya kila kitu. Mifumo mingi ya leo haiko hivyo. Imegawanywa katika huduma ndogondogo, kila moja ikiwa programu inayojitegemea. Moja inahakikisha PIN yako. Moja inatunza daftari la salio za wateja. Moja inaandaa SMS. Moja inaijulisha biashara uliyoilipa. Moja inaandika taarifa ya akaunti utakayoiomba mwisho wa mwezi. Moja inahesabu pointi. Nyingine inaangalia kama kuna mienendo ya kutiliwa shaka.

Fikiria hoteli ya chapati na maharagwe. Wateja wakiwa watano, mtu mmoja anaweza kupokea oda, kupika, kuhudumia, kuosha vyombo na kushika pesa. Saa saba mchana ikifika na watu wakajaa, mtu huyo atazidiwa. Kwa hiyo unagawanya kazi. Sasa swali linakuwa: hawa wafanyakazi watajulishana vipi?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kama kupigiana simu. Huduma ya daftari inaipigia huduma ya SMS, inaeleza, kisha inabaki kwenye laini mpaka ijibiwe "sawa, nimetuma." Halafu inapigia ya pointi, nayo inasubiriwa. Halafu ya taarifa ya akaunti. Muda wote huo wewe uko kaunta unatazama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu.

Ya pili ni kama kubandika tangazo. Huduma ya daftari ikimaliza kuandika malipo yako, inabandika tangazo moja: muamala wenye nambari fulani umekamilika, shilingi 350 zimetoka kwa huyu zimeenda kwa yule. Kisha inaendelea na mteja mwingine. Haijui nani atasoma, wala haisubiri. Huduma zilizojiandikisha kupata matangazo ya aina hiyo zinayasoma kila moja kwa mwendo wake, na kila moja inafanya sehemu yake.

Ukitaka kuielewa vizuri njia hii ya pili, fikiria kikundi cha WhatsApp cha chama chenu. Katibu anaandika: "Mama Achieng amelipa mchango wa mwezi huu." Hapigii wanachama simu mmoja mmoja. Mweka hazina akisoma anaandika kwenye kitabu chake. Mwenyekiti akisoma anatuma kidole gumba. Yule aliye shambani na simu imezima chaji atasoma jioni. Mama Achieng amelipa hata kama huyo wa shambani hajajua, na akikataa katakata kwamba mama hajalipa, atakuwa anamwonea.

Wazo hili si geni. Mwaka 1987, watafiti Kenneth Birman na Thomas Joseph wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walieleza mfumo wao wa ISIS, ambao ulikuwa na huduma ya "habari" ya namna hii: programu moja inachapisha, nyingine zilizojiandikisha zinapata. Miaka mingi baadaye wahandisi wa kampuni ya LinkedIn walijenga programu iitwayo Kafka kwa kazi hiyohiyo, na mwaka 2011 ikafunguliwa ili mtu yeyote aitumie bure. Leo ni moja ya programu zinazotumika sana duniani kwa kazi hii. Kitu kizuri kuihusu ni kwamba tangazo halifutwi likishasomwa. Linabaki kwenye orodha ndefu kwa muda uliopangwa, na usipobadilisha mpangilio wake wa kawaida, muda huo ni saa 168, yaani siku 7. Kila msomaji ana alama yake ya ukurasa. Akizimika leo, akiwaka kesho anaanzia pale alipoachia.

Kwa nini tusilazimishe zote zisubiriane?

Hapa ndipo wateja wengine hutuambia: "Nyinyi fanyeni tu SMS iwe sharti. Kama SMS haijatoka, pesa isitoke." Inasikika kama suluhisho safi. Hebu tupige hesabu ya mfano.

Tuseme malipo yako yanapitia huduma 7, na kila moja inafanya kazi vizuri mara 99 kati ya 100. Ukisema zote 7 lazima zifaulu papo hapo ndipo malipo yapite, unazidisha 0.99 kwa yenyewe mara 7. Jibu ni takriban 0.93. Maana yake, kati ya malipo 100, karibu 7 yatakataa. Lakini ukisema ni huduma 2 tu zilizo za lazima, yaani ile ya PIN na ile ya daftari, hesabu inakuwa takriban 0.98. Yanakataa 2. Zile nyingine 5 zikikwama, zitamaliza kazi yao zikirudi.

Sasa weka sura ya mtu kwenye hizo namba. Mzazi amefika na mgonjwa hospitali usiku wa manane na anatakiwa kulipa amana. Huduma ya kuhesabu pointi imeanguka. Je, mtoto asilazwe kwa sababu ya pointi? Hakuna mtu atakayekubali hivyo. Na ukiikubali hoja hiyo kwa pointi, inabidi uikubali kwa SMS pia.

Kwa hiyo mimi naunga mkono kabisa mfumo wa kubandika tangazo na kuendelea. Kuna mambo ambayo lazima yafanyike pamoja bila mzaha: PIN ihakikishwe, salio liangaliwe, kutoa kwako na kuweka kwake kuandikwe kwa pamoja, ama zote mbili ama hakuna. Hayo hayafai kusubiri tangazo la mtu. Mengine yote yanaweza kufuata. Shida yangu iko kwingine: mteja ameachiwa matokeo ya mfumo huu bila kuelezwa kwamba mfumo uko hivi.

Kimya si jibu

Matatizo mengi ya malipo hutokana na mtu kuchukua kimya kama jibu. SMS haijafika, basi anaamua malipo yameshindikana. Lakini kimya hakikuambii hivyo. Ukimtuma mtoto dukani na amekawia, huwezi kujua kama hajafika, au amefika na yuko njiani kurudi.

Wataalamu wa kompyuta wana kitendawili maarufu kuhusu jambo hili. Majenerali wawili wa jeshi moja wako kwenye vilima viwili, na adui yuko bondeni katikati. Lazima washambulie pamoja, na njia yao pekee ya kuwasiliana ni kutuma tarishi anayepita bondeni, ambaye anaweza kukamatwa. Wa kwanza akituma "tushambulie alfajiri", hajui kama ujumbe umefika mpaka apate jibu. Aliyejibu naye hajui kama jibu lake limefika mpaka athibitishiwe. Uthibitisho huo nao unahitaji uthibitisho. Kitendawili hiki kilielezwa kwenye maandishi ya mwaka 1975, na Jim Gray akakipa jina la majenerali wawili mwaka 1978. Jibu lake ni kwamba hakuna idadi ya ujumbe itakayowapa wote wawili uhakika kamili, mradi njia yenyewe inaweza kupoteza ujumbe.

Simu yako na kituo chetu ni hao majenerali. Ndiyo maana mhandisi mwaminifu hawezi kukuahidi kwamba SMS haitachelewa kamwe. Kumbuka pia kwamba SMS ikitoka kwetu inaingia kwenye foleni nyingine, ya kampuni ya simu. Simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa au iko mahali pasipo na mawimbi, ujumbe unahifadhiwa mpaka ipatikane. Foleni mbili, na pesa haiko kwenye yoyote kati ya hizo. Pesa iliandikwa kwenye daftari kabla SMS haijaanza safari.

Hii pia inaeleza mambo mawili yanayowashangaza wateja. La kwanza ni SMS kufika kinyume: malipo ya saa tatu asubuhi yanatangulia kutangazwa kuliko ya saa mbili. Basi lile salio unaloliona kwenye SMS iliyofika mwisho huenda ni la zamani, kwa sababu kila SMS inataja salio la wakati wa muamala wake. La pili ni SMS ileile kufika mara mbili. Huduma ya SMS ikituma halafu izimike kabla ya kuweka alama kwamba imetuma, ikiwaka itatuma tena. Afadhali irudie kuliko isahau. Ukiona hivyo usishtuke, linganisha nambari za muamala. Nambari moja ikitokea mara mbili ni malipo mamoja. Nambari mbili tofauti ni malipo mawili.

Watu wanaumia wapi

Kama ingekuwa ni suala la kusubiri kidogo tu, nisingeandika haya yote. Lakini kuna watu wanaopoteza pesa na heshima kwa sababu ya kuichanganya habari na daftari. Nimeona mambo matatu yakijirudia.

Kwanza, kulipa mara mbili. Mtu ananunua tokeni za stima usiku, pesa inakatwa, zile tarakimu 20 haziji. Nyumba iko giza, watoto wanalia, ananunua tena. Baada ya robo saa tokeni zote mbili zinaingia. Za stima angalau atazitumia polepole. Lakini aliyelipa karo mara mbili siku ya kufungua shule ameshikiwa pesa ya chakula, na kuirudisha itachukua barua, simu na subira.

Pili, SMS feki. Ujumbe wa maandishi ni maneno, na maneno yanaweza kuandikwa na yeyote. Tapeli anakutumia ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kweli, wenye jina, kiasi na nambari ya muamala aliyoitunga. Halafu anapiga simu kwa sauti ya unyonge: "Mama, nimetuma kimakosa, hiyo ni pesa ya hospitali, tafadhali nirudishie." Mama mwenye huruma anatuma pesa yake halisi kurudisha pesa ambayo haikuwahi kuja. Mbinu hii inafaulu kwa sababu tumefundishana kwamba SMS ndiyo pesa. Ukizoea kuangalia daftari kwanza, tapeli huyo hana kazi.

Tatu, na hili huniuma zaidi, ni kumdhalilisha mteja mwaminifu. Kijana amelipia mafuta ya pikipiki, SMS ya kituo imekawia, anashikwa mkono, ufunguo unachukuliwa, watu wanakusanyika. Dakika tano baadaye pesa "inaingia", na hakuna anayemwomba msamaha. Pesa ilikuwa imeingia tangu mwanzo.

Wajibu wa kampuni za malipo

Sasa nigeukie upande wetu. Kampuni inayotumia mfumo wa matangazo inapata faida kubwa: inahudumia watu wengi zaidi, na huduma moja ikianguka nyingine haziangushwi nayo. Faida hiyo ina deni lake, na kwa maoni yangu deni lina vipengele vinne.

La kwanza, tangazo lisipotee. Kuna hatari ndogo lakini ya kweli: daftari limeandikwa, na kabla tangazo halijabandikwa kompyuta inazimika. Pesa imehama na hakuna aliyeambiwa. Dawa inajulikana. Tangazo liandikwe kwenye daftari lilelile, katika tendo lilelile la kuandika malipo, halafu huduma nyingine ilichukue kutoka hapo na kulipeleka ubaoni. Kompyuta ikizimika, ikiwaka inakuta tangazo linasubiri kupelekwa.

La pili, kurudiwa kusidhuru. Kwa kuwa tangazo linaweza kusomwa mara mbili, kila huduma iangalie nambari ya muamala kabla ya kufanya kazi. Ikishaifanyia kazi nambari hiyo, isiifanyie tena. SMS ikirudiwa ni usumbufu mdogo, lakini mzigo ukipelekwa mara mbili ni hasara.

La tatu, lililokwama lionekane na mtu. Kuna matangazo ambayo huduma inajaribu kuyasoma mara nyingi na kushindwa. Mifumo mizuri huyaweka pembeni kwenye foleni yake ili yasizuie mengine. Vizuri, lakini ile foleni ya pembeni isigeuke kaburi. Kila tangazo pale ni mteja fulani anayesubiri, na lazima kuwe na mfanyakazi ambaye kazi yake ni kulifungua na kulimaliza.

La nne, ambalo ndilo hoja yangu kuu: mteja aonyeshwe "bado". Skrini nyingi za malipo zinajua maneno mawili tu, imefaulu na imeshindikana. Lakini mfumo wenyewe una hali tatu. Kuna wakati ambapo ombi limepokelewa na jibu halijajulikana, na katika wakati huo neno pekee la kweli ni "inashughulikiwa." Ukimwonyesha mteja "imeshindikana, jaribu tena" ilhali hujui, umemwambia alipe mara mbili. Ukimwonyesha "imefaulu" ilhali hujui, umemwambia mwenye duka atoe mali bure. Watu wa masoko hawalipendi neno "bado" kwa sababu halipendezi kwenye tangazo la barabarani. "Papo hapo" linauza zaidi. Mimi nasema mteja akiambiwa "bado, usilipe tena, tutakujulisha", atakuamini kesho pia.

Na mwenye simu ya kabambe je?

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mama mboga pale stendi ana simu ya kabambe, hana intaneti, na mikono yake imejaa sukuma wiki. Kumwambia afungue programu aangalie orodha ya malipo ni kumtania. Kwake SMS ndiyo kila kitu, na inamfikia bila yeye kufanya lolote.

Ni kweli. Lakini hoja hiyo haiifanyi SMS kuwa daftari. Inatuambia tu kwamba daftari liko mbali naye, na kazi ya kulisogeza karibu ni yetu. Ile menyu ya nyota na reli inafanya kazi kwenye simu yoyote, na inauliza daftari moja kwa moja wakati huohuo. Kuangalia malipo matano ya mwisho kunapaswa kuwa bure, kuwe na hatua chache, na kufanye kazi hata siku ambayo SMS zimekwama. Kampuni inayomtoza mfanyabiashara mdogo kwa kuangalia kama amelipwa inamsukuma arudi kwenye SMS, na kwa hiyo inamsukuma karibu na matapeli. Ukitaka kujua kama kampuni yako ya malipo inakujali, anza kwa kuangalia hapo.

Ufanye nini kuanzia leo

Kama unauza dukani, angalia salio au orodha ya malipo ya nambari yako ya tili kabla ya kutoa mali ya bei kubwa, hata kama SMS imefika. Na kabla ya kumshika mteja, hata kama SMS haijafika. Usikubali kusomewa ujumbe kwenye simu ya mteja kama ushahidi wa mwisho. Mwombe nambari ya muamala, kisha uitafute upande wako. Kama una wafanyakazi, wafundishe sentensi moja ya heshima: "Tafadhali nipe dakika moja niangalie kwa orodha." Inazuia ugomvi mwingi.

Kama unalipa, usirudie malipo kwa sababu ya kimya. Angalia salio lako kwanza. Limepungua? Basi malipo yako yako kwenye daftari, au yanashughulikiwa. Tunza nambari ya muamala na ulizia kwa kutumia hiyo. Halijapungua? Ngoja dakika chache, angalia tena, ndipo ujaribu upya. Na ukipata SMS ya pesa usiyoitarajia, usirudishe kitu kabla salio halijathibitisha. Hata ikithibitika, usitume wewe mwenyewe. Mwambie aliyekosea apige kampuni yake aombe marejesho kwa njia rasmi.

Kama una duka la mtandaoni linalomtumia mteja ombi la kuweka PIN kwenye simu, mwagize fundi wako atofautishe majibu mawili. Jibu la kwanza, linalokuja mara moja, linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Jibu la pili, linalokuja baadaye kwenye anwani ya seva yako, ndilo linalosema kama mteja amelipa. Usifungashe mzigo kwa jibu la kwanza. Jibu la pili nalo lisipokuja, usimwambie mteja ameshindwa. Seva yako iulize hali ya muamala. Jibu likija mara mbili, angalia nambari na upuuze la pili. Pia usikae kimya kwa mnunuzi, mwandikie kwenye ukurasa kwamba malipo yake yanashughulikiwa.

Na sisi sote, wauzaji na wanunuzi, tuizoee lugha mpya kidogo pale kaunta. Badala ya kuuliza "SMS imefika?", tuulize "Iko kwa orodha?" SMS itafika ikifika. Ikichelewa, isimfanye mtu mwizi, na ikiwahi, isimfanye mtu mwaminifu kabla hujahakikisha.